Wateja wa Kichina wanaingia dukani bila hata salamu: ni dharau au ndo utaratibu wao? (wenye maduka Mji Mkongwe njooni)

#1 Bint Hurumzi
Asalam aleikum wanajukwaa.
Mie nna duka Hurumzi, nauza kanga, vikoi, viungo, mikoba ya ukili, vinyago kidogo na hizi sumaku za kubandika kwenye friji. Wachina wameongezeka mtaani kwetu na kuna jambo linanitia mawazo. Mtu anaingia, hasemi hujambo wala habari, hata jicho hakutupii. Anakwenda moja kwa moja kwenye bidhaa, anashika, anageuza, ananusa, anapiga picha, anamwita mwenzie kwa sauti kama wako kwenye jahazi na upepo mkali, kisha anakusogezea kalkuleta. Ukiandika bei anafuta anaandika yake, nusu au chini ya nusu. Ukikataa anatoka kimya. Hujakaa sawa yule yule karudi na wenzie, wanabeba mikoba yote iliyotundikwa mlangoni!
Jirani yangu duka la pili keshasusa, akiwaona tu anajitia kusoma gazeti. Anasema anayeingia kwako bila salamu ni mwizi au askari. Mie siamini kama ni dharau ila maelezo sina. Wenye uzoefu semeni.

#2 Papasi Mstaafu
Nimekaa kwenye baraza nasubiri komenti, leteni kahawa na kashata

#3 Mzigo Umefika
Dada hakuna dharau hapo. Mi nafuata mzigo Guangzhou na Yiwu miaka mingi, maduka ya jumla kule ukiingia ukaanza habari za asubuhi watoto hawajambo, muuzaji anajua huyu anataka kukopa. Unaingia, unashika nguo unavuta mshono, unauliza bei, anabonyeza kalkuleta, unabonyeza yako, anacheka au anakufukuza kwa mkono, unaondoka hatua tatu anakuita. Mkishakubaliana ndo kiti kinatolewa na chai inamiminwa mnaulizana mnatoka nchi gani. Yani salamu ipo ila inakuja baada ya biashara, sisi tunaiweka mbele wao wanaiweka nyuma

#4 Nilisoma Nanjing
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Hiyo ni kweli kwa masoko ya jumla, ila kwenye maduka ya kawaida na migahawa salamu ipo mlangoni na inatolewa na mhudumu, kwa sauti kubwa, karibuni karibuni, na mteja HAJIBU. Anapita tu. Kuna Mtanzania mwenzetu alikuwa anawajibu wote mmoja mmoja na kuwauliza hali, wale wasichana wakawa wakimuona tu wanaanza kucheka. Kwahiyo mteja wa Kichina hajui kama Zanzibar anatakiwa kusalimia yeye. Kwao kazi ya kusalimia ni ya mwenye duka, na mwenye duka hategemei jibu.

#5 Kiongozi wa Msafara
Nyote mnasema utamaduni, mi nasema SAA. Mi ndo nawaleta hao watu. Grupu inashuka kwenye basi imepewa masaa mawili kwa Mji Mkongwe mzima, hapo kanisa la Mkunazini kwenye soko la zamani la watumwa, Darajani, nyumba ya Freddie Mercury ambayo lazima kila mtu apige picha mlangoni, Beit el Ajaib wanaitazama kwa nje tu tangu ile sehemu ilivyoanguka Desemba 2020. Zinabaki dakika za kununua ambazo hata kuvaa viatu hazitoshi. Na mle ndani ya basi yule kiongozi wao aliyetoka nao kwao ameshawaambia jihadharini na wanaowafuata fuata. Wakishuka tu papasi, wale vijana wanaokimbilia wageni mtaani, wanawavamia NIHAO NIHAO MY FRIEND. Sasa mtu huyo akiingia dukani kwako anakimbia papasi, hana hamu ya salamu ya mtu yeyote
Tangu China iliporuhusu makundi kuja Tanzania Februari 2023 baada ya korona mi hii kazi ndo naifanya, naongea ninachokiona

#6 Hoja Kwanza
Marekebisho kidogo mkuu #5. Februari 2023 walifungua nchi 20 za mwanzo, Kenya ilikuwemo, Tanzania haikuwemo. Sisi tuliingia kwenye orodha ya pili, Machi 2023, pamoja na Uganda, Zambia na wengine. Na tusikuze mambo, wanaojaza Zanzibar bado ni Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi. Wachina wanaonekana wengi kwa sababu wanatembea pamoja.

#7 Kiongozi wa Msafara
Sawa mwalimu, Machi. Basi bado lina masaa mawili

#8 Papasi Mstaafu
Mnatusingizia papasi kila kitu, hata mvua ikinyesha ni papasi. Nihao ndo salamu yenyewe, si mnalalamika hakuna salamu?

#9 Fundi wa Mwenge
Wakuu mi nachonga hapa Mwenge Dar. Mzungu akija anauliza kinyago kina maana gani, anataka hadithi, ukimwambia huu ni ujamaa mababu wamebebana anafurahi analipa. Mchina haulizi hadithi. Anatoa tishu, anailowesha maji ya chupa, anasugua chini ya kinyago pale kwenye kitako. Tishu ikitoka nyeusi anakuonyesha bila kusema neno 😂 maana wapo wanaopaka dawa ya viatu mti mweupe wanasema mpingo. Ikitoka safi anakipima kwa mkono, mpingo mzito ndugu zangu, ukiutia kwenye ndoo unazama. Afu anaangalia mshipa wa mti kwa tochi ya simu. Hao jamaa mbao ngumu wanazijua kuliko baadhi ya wauzaji hapa. Mi nawapenda kwa hilo, akishasugua na kuridhika bei haisumbui sana. Wanaowachukia ni wale wenye ndoo ya dawa ya viatu nyuma ya banda, nawajua kwa majina

#10 Wa Mererani
Tochi hiyo usiseme, huku Arusha kwenye tanzanaiti wanakuja nayo kwenye mkufu wa funguo. Nasikia ni tabia ya kukagua jedi, lile jiwe lao la kijani, wanamulika ndani kutafuta ufa. Tanzanaiti haitaki tochi, inataka uitoe nje kwenye jua uigeuze, huku bluu huku zambarau. Nikimtoa nje akaona inavyobadilika yeye mwenyewe anaita wenzie

#11 Msanii Nai
Niaje wadau, huku Nairobi Maasai Market mambo ni different kidogo. Kuna aina mbili. Wale wazee wa grupu na kofia moja, na wale vijana wanakuja wawili wawili. Vijana ndio wananimaliza manze. Anakuja na simu, anafungua Xiaohongshu, ile app yao ya kupost picha, hapo kuna picha ya stall YANGU, sura yangu ikiwa nusu, twiga ya soapstone, na bei mwingine alilipa last month! Siwezi mwambia tofauti. Yaani mtu mmoja nilimpunguzia juu ya njaa ya end month sasa hiyo ndio bei ya taifa nzima. Hiyo si kukosa heshima, hiyo ni intelijensia

#12 Mzigo Umefika
@Msanii Nai hahaha pole kaka, umepata mtangazaji wa bure unalia

#13 Msanii Nai
Bure na hasara buda

#14 Bint Hurumzi
Ahsanteni nyote. Hebu nami niwape kisa kimoja maana nadhani bado kuna kitu. Mama mmoja wa makamo alitaka kikoi. Kalkuleta yangu betri imekwisha, nikamwambia kwa vidole. Nkamwonyesha viwili kisha vitano, elfu ishirini na tano. Akatikisa kichwa, akanionyesha kidole gumba na cha shahada vimetanuka, hivi, kama bunduki. Mie naona vidole viwili. Elfu mbili?! Kikoi cha elfu mbili! Nkahisi damu inapanda, nkakikunja kikoi nkakirejesha juu. Akaja mwanawe akafungua simu ikasema kwa Kiingereza EIGHTEEN. Kumbe ile bunduki ni nane, kumi alishaonyesha mwanzo kwa kukunja ngumi, nami nkadhani ananitishia 🙈 Tukacheka wote watatu, tukafungia elfu ishirini. Na wakati wa kutoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

#15 Nilisoma Nanjing
Hahaha ngumi ni kumi, wengine wanapishanisha vidole viwili vya shahada. Wanahesabu hadi kumi kwa mkono mmoja. Sita ni gumba na kidole cha mwisho, kama unapiga simu. Saba unabana gumba na viwili vinavyofuata. Nane ndo hiyo bunduki. Tisa unakunja cha shahada kama ndoana. Moja mpaka tano ni kama sisi. Andikeni mbandike ukutani mtaokoa ndoa nyingi

#16 Papasi Mstaafu
Sita ni kupiga simu?? Kwahiyo yule dada wa Nungwi hakuwa anataka namba yangu??

#17 Msanii Nai
😂😂😂 alikuwa anataka sita

#18 Mzee wa Malindi Funguni
Vijana mnazungumza kama Mchina kaja juzi. Zanzibar madaktari wa Kichina wako tangu 1964, Mnazi Mmoja na Pemba Hospitali ya Abdalla Mzee, wanabadilishana zamu mpaka leo. Wale wanakuja dukani kununua mchele na unga na wanasalimu, tena Kiswahili, "shikamoo mzee", wengine wanakaa barazani wanakunywa kahawa. Ni Wachina haohao. Kwahiyo si Uchina, ni utalii. Mtalii yeyote anayekaa siku mbili hana haja na wewe. Waitaliano walipoanza kumiminika walikuwa wanaingia madukani kifua wazi, kaptula mapajani, mtu hajui hata ni mwezi wa Ramadhani. Tulilalamika hivihivi. Leo wana watoto wanaozungumza Kiswahili Kiwengwa. Subirini.

#19 Hoja Kwanza
Mzee umesema kweli nusu. Daktari amekaa miaka na amefundishwa, mtalii hajafundishwa. Lakini hoja ya #4 inabaki palepale, kuna mtalii wa Kijapani pia anakaa siku mbili na anainama mlangoni.

#20 Mzee wa Malindi Funguni
Mjapani anainama hata kwa paka wa Forodhani, huyo usimfanye kipimo.

#21 Mama Wawili UK
Habari zenu. Mimi niko Uingereza, nimefanya kazi dukani Bicester Village, yale maduka ya mitindo nje ya Oxford. Stesheni yake ilifunguliwa 2015 na matangazo yanatolewa kwa Kichina, na maduka yanaajiri wanaozungumza Kimandarini maalum. Niwaambie nilichokiona. Wengi hawaangalii muuzaji kwa sababu WAKO KAZINI. Kuna watu wanaitwa daigou, wananunua kwa niaba ya waliobaki kwao maana mikoba ya majina makubwa kule China bei iko juu zaidi kwa kodi. Anaingia yuko kwenye simu ya video, anamwonyesha mteja wake mkoba, zipu, namba ya ndani. Unafikiri anakupuuza kumbe yeye mwenyewe ni muuzaji mwenzio. Tangu serikali ya Uingereza ilipoondoa marejesho ya VAT kwa watalii mwanzoni mwa 2021 wafanyabiashara wanalia kwamba wanunuzi wanahamia Paris na Milano.
Kingine, na hili sijui mtalichukuliaje. Mara nyingi mteja ananipita mimi anamfuata mzungu aliyesimama nyuma yangu, hata kama mzungu huyo ni mteja mwenzie 😅. Wenzangu Wachina waliniambia ni lugha tu, wanatafuta wa kuongea Kichina. Lakini mzungu naye haongei Kichina. Kwahiyo siwezi kusema dharau haipo popote, na siwezi kusema yote ni dharau.

#22 Mzigo Umefika
@Mama Wawili pole. Hilo lipo, hata Guangzhou kuna teksi zinatupita mchana kweupe. Ila usilichanganye na la dada wa Hurumzi, pale hakuna mzungu wa kukimbilia

#23 Duka la Pili
Nimeletewa huu uzi na mpwa wangu. Huyo jirani anayesoma gazeti NI MIMI.

#24 Papasi Mstaafu
Mkeka uongezwe jamani

#25 Bint Hurumzi
Astaghfirullah. Kaka karibu 🙈

#26 Duka la Pili
Nimekaribia. Sasa nisikilizeni. Mimi salamu nimeshawasamehe. Ninayokataa ni haya. La kwanza, pesa na bidhaa kwa mkono wa kushoto. La pili, mke wangu amekaa nyuma ya kaunta anakula, kijana kaingia na simu kwenye kijiti, anaongea peke yake anacheka, kamzungushia simu mke wangu na sahani yake. Kumbe yuko laivu watu wa Uchina wote wanamtazama mke wangu anakula urojo. Hakuomba. La tatu, anakaa humo laivu nusu saa, duka limejaa, wateja wengine wanashindwa kuingia, kisha ananunua sumaku moja. Hilo la saa na basi mbona huyu hakuwa nalo?

#27 Nilisoma Nanjing
Kaka la picha una haki na kwao pia ni ukosefu wa adabu kumrekodi mtu anakula, huyo ni mtu binafsi hana malezi. La mkono wa kushoto wengi hawajui kabisa kama ni jambo. Angalia vizuri, mtu mzima akikupa pesa kwa heshima anakupa kwa mikono MIWILI. Wao heshima ni kushoto na kulia pamoja, sisi ni kulia. Ukimwona ametoa kwa mkono mmoja hajafikiria mkono gani.

#28 Duka la Pili
Mikono miwili nimeona kweli. Nilidhani anaogopa nitamnyang'anya.

#29 Kiongozi wa Msafara
Kaka #26 huyo wa laivu si wa grupu, ni wale wa kujitegemea. Mi wangu wote wanapanda basi. Afu hapa niseme ukweli ambao wenye maduka mnaujua mnakaa kimya: grupu nyingi haziji Hurumzi kwa sababu kuna maduka yanatoa asilimia kwa anayewaleta. Huko nje kilikuwa kichekesho, makundi yanauziwa safari bei ya bure afu wanafungiwa kwenye maduka ya vito wanunue, China wakatunga sheria ya utalii mwaka 2013 kuzuia, Thailand nao wakafunga kampuni kadhaa 2016. Mtu aliyepitia hayo akiingia dukani kwako anakuona wewe ni sehemu ya mtego. Uso lazima ukunjwe

#30 Duka la Pili
Na wewe unapeleka wapi?

#31 Kiongozi wa Msafara
Tusubiri mvua ipungue kwanza kaka

#32 Dogo wa Jang'ombe
Hamjasema jambo kubwa kuliko yote. Mchina anashika sumaku ya Zanzibar, anaigeuza, anasoma nyuma, anacheka, anaenda kuwaonyesha wenzie. IMETOKA KWAO. Mnamuuzia samaki aliyemvua yeye mwenyewe

#33 Mzigo Umefika
Hizo sumaku nimezileta mimi, heshimuni kazi za watu

#34 Bint Hurumzi
Mie nishaacha, nauza za mbao za vijana wa Bububu. Na hizi ndo wanazichukua wao, hizo za plastiki zinabaki kwa Wazungu.

#35 Mkombozi
Wakuu si serikali Julai 2025 imekataza wageni kufanya biashara 15, maduka ya vinyago na kuongoza watalii yamo. Kwahiyo hao Wachina wenye maduka ya zawadi waondoke tubaki wenyewe na mambo ya salamu yataisha

#36 Hoja Kwanza
Mkuu unachanganya. Amri ile inahusu wageni WANAOUZA, uzi unahusu wageni wanaoNUNUA. Na leseni za biashara si jambo la muungano, Zanzibar ina sheria yake. Tusiharibu uzi.

#37 Mama Wawili UK
Ushauri wangu mdogo, bandikeni bei. Tena kwa shilingi, si ndo kanuni za 2025 zinavyotaka. Mtu akiona bei imeandikwa anatulia, hawi na wasiwasi kama amepigwa.

#38 Duka la Pili
Dada umekaa Ulaya sana. Nikibandika bei nitaongea nini na mteja? Na akija na ile picha ya Xiaohongshu ya jamaa wa Nairobi si ndo nimejifunga mwenyewe.

#39 Msanii Nai
Exactly! Bei iliyoandikwa ndiyo wanaanza kushuka nayo. Nilijaribu, mtu alichora X kwa karatasi yangu na biro yangu akaandika yake

#40 Bi Mkubwa Paje
Mimi niko Paje nina duka na kibanda cha chai. Sijafuata nadharia yoyote ya humu. Nimeweka flaski. Wachina hawapendi maji ya baridi, jua kali hivi mtu anatembea na chupa yake ya chuma anatafuta maji ya MOTO. Hotelini wanapewa ya friji. Nikimwona anaingia simwambii nihao wala jambo, nainua flaski tu. Anafungua chupa najaza, bure. Hapo anakaa, anatoa karanga au peremende kwenye mkoba ananipa, halafu ndo anatazama nguo kwa utulivu. Anayetoka bila kununua ni mmoja mmoja.

#41 Nilisoma Nanjing
Bi Mkubwa 👏 hiyo kule iko kila mahali, stesheni za treni zina bomba la maji ya moto, treni zenyewe zinalo.

#42 Duka la Pili
Kwahiyo nitoe maji bure kwa mtu asiyenisalimia.

#43 Bi Mkubwa Paje
Mwanangu wewe endelea na gazeti.

#44 Dogo wa Jang'ombe
😂😂😂 jeneza lifunikwe

#45 Hoja Kwanza
Tukumbuke mchango wa Bi Mkubwa haujibu swali la uzi, unaonyesha tu kwamba wakitulia wananunua. Inaweza kuwa saa (#5), inaweza kuwa utaratibu wa kwao (#4), inaweza kuwa woga wa kupigwa (#29). Paje hawana haraka ya basi, wako ufukweni. Flaski ileile Hurumzi saa nne asubuhi na bendera ya kiongozi mlangoni sidhani kama ingefanya kazi.

#46 Kiongozi wa Msafara
Isingefanya. Maji ya moto yanataka kupoa, basi halingoji 😄

#47 Bint Hurumzi
Nitaijaribu hata hivyo, mkaa wangu ghali lakini. Swali jingine kwa wanaojua: wengi wanatafuta kulipa kwa kuskani, wanaitazama lipa namba yangu ya ukutani wanaielekezea simu zao halafu inakataa. Na keshi ya dola wanakuja nayo noti za zamani ambazo benki hawazitaki. Kuna njia?

#48 Mzigo Umefika
Hiyo yao ni Alipay na WeChat, haiongei na lipa namba yako. Waulize benki yako kama wana mashine inayosoma UnionPay, kadi hiyo wanayo karibu wote. Usikubali akutumie kwenye WeChat ya rafiki yako aliyeko China, utazungushwa mpaka uchoke

#49 Wa Mererani
Na kwenye viungo dada wananunua nini zaidi? Mi nina ndugu yangu anataka kufungua hapo Darajani

#50 Bint Hurumzi
Karafuu. Wanaijua, wanainusa wanaanza kuelezana, nadhani ni dawa kwao. Vanila wanaipita. Pilipili manga kidogo.

#51 Duka la Pili
Karafuu mwambie ndugu yako aende ZSTC, lile shirika la biashara la serikali, akaulize kwanza kabla hajafungasha hata gramu, asije akalala ndani.

#52 Dogo wa Jang'ombe
Ya kupikia kidogo kidogo mbona kila mtu anauza pale, pakiti za elfu mbili

#53 Duka la Pili
Kila mtu anauza haina maana kila mtu ana kibali.

#54 Hoja Kwanza
La karafuu na ZSTC lifungulieni uzi wake, lina kurasa mia.